Dunia Nzima Imeona Video: Juri Huru Itatoka Wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni Mkenya, ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na nimeapishwa uraia wa Marekani hivi karibuni. Kaka yangu aliye Nairobi hushikilia kwamba Derek Chauvin alifungwa na maandamano, si na ushahidi. Ati nani angethubutu kumwachia huru wakati mji ulishaungua mara moja? Mimi humjibu kwamba video ilitosha. Sasa nimepokea barua ya kaunti ikiniita kwa ajili ya juri. Nikipangiwa kesi ya polisi, na kila mtu ana maoni yake tayari, mimi nikiwemo, haki itapatikana vipi? Rafiki yangu ananishauri niandike tu kwamba sijui lolote. Ni sawa?"

Dada, hongera kwa uraia. Hoja ya kaka yako si ya kupuuzwa, ila ameielekeza siko. Yeye anaogopa maoni ya watu. Mimi, kwa jinsi nilivyozisoma kesi za polisi zilizotikisa miji ya Marekani, maoni ya watu hayanitishi sana. Kinachonitisha ni hofu. Maoni na hofu hutembea pamoja mara nyingi, lakini dawa yake si moja, na mahakama zina ufundi mkubwa wa kupima la kwanza kuliko la pili.

Tukumbushane kwanza. George Floyd alifariki tarehe 25 Mei 2020 kwenye kona ya Mtaa wa 38 na Chicago Avenue, Minneapolis, baada ya kugandamizwa shingo kwa goti la Chauvin, askari polisi wa mji huo, kwa dakika 9 na sekunde 29. Binti wa miaka 17 aliyekuwa amesimama kando alirekodi kwa simu, na siku chache baadaye kituo kimoja cha polisi cha mji huo kilikuwa kimeteketezwa. Uteuzi wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ulianza Machi 2021 mbele ya Jaji Peter Cahill wa Kaunti ya Hennepin, yaani mahakama hiyo hiyo iliyokuandikia wewe. Tarehe 20 Aprili Chauvin alitiwa hatiani kwa makosa yote matatu, na Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Watu wengi hudhani sheria ya Marekani inataka mjumbe wa juri awe mtu asiyejua kitu. Haijawahi kutaka hivyo. Kesi ambayo mawakili hawaachi kuitaja ni ya Leslie Irvin, aliyeshtakiwa kwa mauaji huko Indiana miaka ya 1950. Magazeti na redio za eneo lile zilikuwa zimeshamhukumu. Katika watu 430 walioitwa kuhojiwa, 268 waliondolewa kwa sababu walikuwa wameshaamua kwamba ana hatia, na hata baada ya mchujo huo, 8 kati ya 12 waliokaa kwenye viti walikiri kwamba walimwona ana hatia kabla ya kusikia shahidi hata mmoja. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ile. Lakini katika uamuzi huo huo majaji waliweka kipimo kinachotumika hadi leo: mjumbe anaruhusiwa kuwa amesikia habari, anaruhusiwa hata kuwa na hisia fulani juu ya kesi, mradi aweze kuiweka kando hisia hiyo na kuamua kwa yale yaliyoletwa mahakamani. Wangedai watu wasiosikia lolote, walisema, hakuna kesi kubwa ambayo ingewahi kupata juri.

Kwa hiyo swali halikuwa kama watu wa Hennepin waliiona video. Waliiona. Swali lilikuwa nani kati yao anaweza kusikiliza mashahidi wa wiki tatu kana kwamba jibu bado halijaandikwa.

Namna walivyotafutwa inafaa uijue, maana ndiyo mlango utakaoupitia wewe. Desemba 2020 watu walioorodheshwa walipelekewa dodoso refu nyumbani. Umeiona video? Mara ngapi? Uliandamana? Ulibeba bango? Liliandikwa nini? Unaionaje Black Lives Matter, lile vuguvugu la kutetea maisha ya weusi, unawaonaje polisi wa Minneapolis? Miezi mitatu baadaye wakaitwa mmoja mmoja mahakamani, kila mmoja kwa namba badala ya jina. Sauti zao zilirushwa kwenye televisheni, sura zao hapana.

Mmoja alikuwa namba 27: mwanamume mweusi, mhamiaji kama wewe, aliyekuwa ameingia Marekani miaka 14 kabla na kufanya kazi ya kompyuta. Alikuwa amemwambia mkewe kuhusu kifo cha Floyd kwamba ingeweza kuwa yeye. Wakili wa utetezi, Eric Nelson, alimbana hapo hapo: ulimaanisha nini? Akaeleza kwamba ingeweza kuwa yeye, ingeweza kuwa mtu mwingine yeyote. Hakujikanyaga, hakurudi nyuma. Nelson, ambaye alikuwa na haki ya kumkataa bila kutoa sababu, akamwacha akae.

Kaka yako atashangaa. Kwa nini wakili wa polisi amkubali mtu wa namna hiyo? Kwa sababu mtu aliyeyatoa maoni yake mezani unaweza kumpima. Unajua anasimama wapi na unajua ni shahidi gani anaweza kumsogeza. Anayekaa mbele yako Machi 2021 katika Kaunti ya Hennepin na kusema hana maoni yoyote juu ya kifo kile, huyo ndiye wa kumwangalia mara mbili.

Kwa kesi ile utetezi ulianza na nafasi 15 za kumkataa mtu bila maelezo, upande wa mashtaka 9, na baadaye jaji akawaongezea utetezi tatu na mashtaka moja. Kizuizi kikubwa ni kimoja, kilichowekwa mwaka 1986: huruhusiwi kumkataa mtu kwa rangi yake. Hatimaye walioamua kesi walikuwa watu 12, wanawake 7 na wanaume 5. Weupe 6, weusi 4, na 2 wa asili mchanganyiko.

Katikati ya zoezi hilo serikali ya mji ikafanya jambo ambalo hadi leo naliona ni la kizembe. Ijumaa ya tarehe 12 Machi, wajumbe 7 wakiwa wameshateuliwa, Minneapolis ilitangaza kwamba itailipa familia ya Floyd dola milioni 27. Sisemi familia haikustahili. Nazungumzia siku iliyochaguliwa. Mtu wa kawaida akisikia mji umekubali kulipa fedha zote hizo, atasoma nini hapo zaidi ya kukiri kosa? Jaji Cahill hakuficha kukerwa kwake. Aliwaita wale saba tena na kuwahoji upya, akawaondoa wawili waliokubali kwamba habari ile iliwatikisa. Waliobaki walisema ama hawakuisikia au haikuwagusa. Nelson aliomba kesi iahirishwe na ihamishwe. Akakataliwa yote mawili, na jibu la jaji kuhusu kuhamisha lilikuwa fupi: hakuna pembe ya Minnesota ambayo haijafikiwa na habari hizi, sasa twende wapi?

Hapo ndipo naomba tukae kidogo, kwa sababu kuhamisha kesi ndiyo tiba inayopendekezwa upesi kuliko zote, na historia yake katika kesi za polisi inatia mashaka. Rodney King alipigwa na polisi wa Los Angeles Machi 1991, naye mkazi mmoja akarekodi kutoka kwenye roshani yake. Kesi ilihamishwa kwa sababu ya kelele za habari, ikapelekwa Simi Valley, Kaunti ya Ventura, umbali usiofika hata safari ya asubuhi moja. Video ilikuwa imeonekana kule sawasawa na ilivyoonekana Los Angeles. Kilichobadilika ni wakazi: mji mdogo wa pembeni wenye polisi wengi waliojenga huko, na juri isiyokuwa na mtu mweusi hata mmoja. Tarehe 29 Aprili 1992 polisi wale hawakutiwa hatiani, na Los Angeles ikawaka kwa siku kadhaa, watu zaidi ya 50 wakafa. Miaka kumi na miwili nyuma Miami ilikuwa imeshaonja hayo hayo. Kesi ya polisi walioshtakiwa kwa kifo cha Arthur McDuffie ilipelekwa Tampa, juri ya weupe watupu ikawaachia Mei 1980, na Miami ikateketea.

Ukiishia hapo utasema kuhamisha kesi ni hila ya kuwaokoa polisi. Lakini chukua ya Amadou Diallo, yule kijana kutoka Guinea aliyepigwa risasi mlangoni kwake Bronx mwaka 1999. Polisi wanne walifyatua risasi 41. Kesi ilitolewa New York ikapelekwa Albany, na juri iliyowaachia huru mwaka 2000 ilikuwa na wanawake weusi wanne. Sina fomula ya kukupa. Ninachoweza kusema ni kwamba kuhamisha kesi hakuondoi maoni ya umma, kunabadilisha tu ni umma upi unaotoa maoni. Kwa sababu hiyo naona Cahill hakukosea kuibakiza Minneapolis.

Sasa tuje kwenye hofu, ambako kaka yako ana haki ya kusikilizwa.

Januari 1989, Miami tena, polisi aitwaye William Lozano alimpiga risasi kijana mweusi aliyekuwa akiendesha pikipiki kwa kasi. Abiria aliyempakia naye akafa. Ghasia zikazuka. Kabla mwaka haujaisha juri ya Miami ilimtia hatiani. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Florida ikaifuta hukumu. Kilichoiangusha hakikuwa kwamba wajumbe walikuwa wamesoma magazeti. Kumbukumbu za kesi zilionyesha kwamba walijua vizuri nini kingewapata majirani zao endapo wangesema hana hatia, na majaji hawakuona namna ambavyo mtu angeamua kwa utulivu akiwa na mzigo huo. Baada ya mabishano marefu juu ya mji gani usikilize upya, kesi ilirudiwa Orlando, na mwaka 1993 Lozano akaachiwa.

Kwa hiyo jambo analolisema kaka yako limewahi kutokea, na likitokea mahakama inaweza kufuta hukumu. Je, lilitokea kwa Chauvin?

Dalili za kutia wasiwasi zilikuwepo. Jengo la mahakama lilizungushiwa uzio na seng'enge, askari wa akiba wenye silaha wakisimama nje. Tarehe 11 Aprili, kesi ikiendelea, polisi wa Brooklyn Center, jirani zenu kabisa, walimuua kijana Daunte Wright, na maandamano yakaanza usiku ule ule. Nelson aliomba wajumbe wahojiwe tena na wafungiwe hotelini. Jaji akakataa, walifungiwa pale tu walipoanza kujadiliana. Wikiendi iliyofuata mbunge Maxine Waters alifika Brooklyn Center akasema maneno makali juu ya nini kifanyike kama Chauvin ataachiwa. Cahill alikasirika, akamwambia Nelson waziwazi kwamba huenda mbunge yule amempa cha kupeleka kwenye rufaa, lakini akakataa kuivunja kesi. Na baada ya hukumu, mjumbe mmoja wa akiba, ambaye hakushiriki kupiga kura, alieleza hadharani kwamba alikuwa na wasiwasi wa ghasia kurudi, na wa watu kumfuata nyumbani kama hawatapenda uamuzi.

Maneno ya huyo mjumbe wa akiba ndiyo yanayonikaa rohoni kuliko ya mbunge. Mbunge ni kelele za nje. Mjumbe anayewaza mlango wa nyumba yake ni kitu kingine. Mimi nisingewaacha waende makwao baada ya tarehe 11 Aprili. Ni kweli kuwafungia watu hotelini ni mateso, na kunaweza kuwafanya waharakishe uamuzi ili warudi kwa watoto. Hata hivyo ningefanya.

Lakini kutoka hapo kwenda kusema kwamba hofu ndiyo iliyomfunga kuna daraja refu la kuvuka, na ushahidi uko upande wa pili. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi 38, utetezi 7. Mkuu wa polisi wa Minneapolis mwenyewe, Medaria Arradondo, alipanda kizimbani kusema kwamba alichofanya Chauvin si mafunzo yao wala si sera yao; jambo la nadra, mkubwa wa polisi kusimama dhidi ya askari wake. Daktari wa mapafu, Martin Tobin, aliwaelekeza wajumbe waguse shingo zao wenyewe wakati akieleza pumzi inapita wapi na inazibwa wapi. Walianza kujishika shingo, hadi jaji akawakumbusha kwamba si lazima. Watu wanaoamua kwa woga tu hawana haja ya kutafuta koo zao kwa vidole. Na walipoingia chumbani, kwa maelezo waliyotoa baadaye, hawakuwa wote na kauli moja tangu mwanzo. Walijadiliana kwa muda wa saa 10 hivi.

Kulikuwa na mjumbe mwingine aliyezua utata, namba 52. Baada ya hukumu ilionekana picha yake ya Agosti 2020 akiwa kwenye mkutano wa Washington, amevaa fulana ya kudai goti liondolewe shingoni. Kwenye dodoso alikuwa amejibu hapana kwa maswali ya kushiriki maandamano ya kupinga ukatili wa polisi. Yeye alieleza kwamba ule ulikuwa mkutano wa kumbukumbu ya maandamano ya mwaka 1963. Jaji alikataa kuitisha kesi mpya. Kisheria nadhani alikuwa sahihi, kwa kuwa mjumbe huyo hakuficha kwamba anaiunga mkono Black Lives Matter. Alilisema mbele ya mawakili wote. Ila angejibu kwa urefu, angemwepushia kila mtu miezi ya mabishano. Mahakama ya rufaa ya Minnesota iliithibitisha hukumu Aprili 2023, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Kaka yako huenda anauliza mbona kwetu hatuna tabu hii. Tunayo, ila imekaa mahali pengine. Kenya haina juri; wakati wa ukoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao, Waafrika wakipewa wazee wa baraza, na hao nao waliondolewa mwaka 2007. Kwa hiyo Jaji Jessie Lessit alipowatia hatiani polisi watatu na raia mmoja mwaka 2022 kwa mauaji ya wakili Willie Kimani na wenzake, aliusoma uamuzi wake na sababu zake mbele ya nchi. Tanzania, katika kesi ya afisa wa polisi Zombe na wenzake juu ya wafanyabiashara wa madini waliouawa mwaka 2006, Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote mwaka 2009, na Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikapitia sababu hizo na kumtia hatiani mmoja wao. Marekani mambo hayaendi hivyo. Juri haitoi sababu, na ikisema hana hatia, serikali iliyomshtaki haiwezi kukata rufaa. Polisi wawili wa kesi ya King walifungwa mwaka 1993 kwa sababu tu serikali kuu iliwashtaki upya kwa sheria yake yenyewe. Ndiyo maana Wamarekani wanakazana mno na maswali ya mlangoni: wakishaingia chumbani, hakuna wa kuwauliza tena.

Nikija kwenye barua yako: usimfuate rafiki yako. Majibu ya dodoso na ya mahakamani hutolewa chini ya kiapo, na mtu akigundulika alidanganya, anaweza kuiangusha kesi nzima, hata ile ambayo angependa isimame. Umeiona video? Andika umeiona. Uliandamana, ulichangia fedha, uliweka picha Facebook? Andika. Una ndugu polisi, au uliwahi kusimamishwa na polisi ukatukanwa? Andika na hilo. Kazi ya kuamua kama unafaa si yako. Usijiondoe wala usijipachike. Ukiulizwa kama unaweza kuweka kando unayoyaamini, usijibu upesi. Fikiri kwanza ni shahidi gani angekubadilisha. Ukiona hakuna, sema hivyo.

Na wakikuuliza kama unaogopa, jibu kweli pia. Katika uteuzi wa juri ya Chauvin wapo waliosema wanahofia usalama wa familia zao wakaruhusiwa kwenda, bila mtu kuwafikiria vibaya. Hofu ikikujia kesi ikiwa katikati, labda umepigiwa simu usiyoielewa au mtu kazini amekwambia utakiona ukiamua vingine, usiwasimulie wenzako wa juri hata wakati wa chakula. Andika kwenye karatasi, mpe mhudumu wa mahakama aifikishe kwa jaji, kisha nyamaza usubiri kuitwa. Ukiwaambia wenzako, umeshawagawia hofu yako, na jaji atalazimika kuwahoji wote 12 badala ya mmoja.